Supu ya Viazi Uliyonifundisha

Mwanangu Atupele,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako naijua, maana umetoka humu ndani sasa hivi, umevaa gauni lako la kitenge, unakwenda Ilala kuwaaga wenzako wa kwaya. Ukaniambia mlangoni, "Baba, nikichelewa usinisubiri kula." Nikasema haya. Kisha nikakaa kitandani nikalitazama sanduku lako la bati lililokwisha kufungwa kamba, nikaona nisipoandika sasa, jua likiwa bado liko juu ya mabati ya uani, sitaandika tena. Kesho pale stesheni, ukipanda treni ya Mwanza kwenda chuo cha uuguzi, sitaweza kusema kitu. Unanijua. Nitashika dirisha la behewa, nitakuuliza kama maji ya kunywa unayo, treni itaondoka, nami nitabaki nimeinua mkono kama askari wa barabarani.

Habari za blanketi, za kuhifadhi cheti chako, za kutokubali chakula cha mtu usiyemjua njiani, zote Bi Mwanaidi amekwisha kukueleza, tena kwa sauti ya kusikika hadi Gerezani. Sitazirudia. Ninachotaka kukuhadithia ni siku zile baada ya mama yako kufariki. Tumeishi chumba kimoja miaka yote hii, pazia katikati, na habari hiyo sijawahi kuisema kwa mdomo. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unang'oka meno ya mbele. Sijui unakumbuka nini na nini umekipoteza.

Mama yako, Tusekile, alikwenda hospitali kujifungua kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amekusuka asubuhi ile, upande mmoja ukawa bado, akasema ataumalizia akirudi. Hakurudi, na mtoto hakurudi. Tuliwazika pamoja. Wewe ulikaa na ule upande usiosukwa hata matanga yalipokwisha, kwa sababu kila mwanamke aliyekushika kichwa ulimkimbia.

Shangazi yako Tumpe alikuja kwa basi kutoka Tukuyu. Alilala nawe kitandani, mimi nikalala mkekani ukumbini. Waombolezaji walipokwisha kuondoka, nyumba ikanyamaza, na hapo ndipo tulipogundua kwamba wewe umeacha kula. Hukulia wala hukugoma. Ulikuwa unafunga midomo tu, unatazama chakula kama mtu anayetazama gari likipita. Ukiwekewa ugali unautazama, ukiwekewa uji unautazama. Maji ulikunywa. Mashavu yakaanza kuingia ndani.

Bi Mwanaidi, mama mwenye nyumba wetu, alikuwa akituletea sahani kila jioni. Wali wa nazi na samaki, ndizi za kupika, siku nyingine maandazi. Nami kila jioni nilimrudishia sahani yake vilevile ilivyokuja, nikasema, "Asante mama, tumeshiba." Aliutazama ule wali usioguswa, akanitazama mimi, akachukua. Nilikuwa sijashiba. Nilikuwa na njaa kutwa nzima pale karakana ya reli. Lakini nilikuwa nimejiwekea kichwani kwamba mwanamume anayelishwa na majirani ni mwanamume anayehurumiwa, na huruma ya watu nilikuwa naiona nzito kuliko lile jeneza nililolibeba.

Jioni moja shangazi yako aliniita uani. Alikuwa hazungushi maneno.

"Ambakisye, mdogo wangu," akasema, "huyu mtoto naondoka naye."

"Unakwenda naye wapi, dada?"

"Nyumbani. Kuna maziwa, kuna ndizi, kuna watoto wenzake. Hapa yuko na nani? Wewe alfajiri umekwenda kwenye mabehewa yako, jioni unarudi unanuka grisi. Chumba kimoja, mjini, mtoto wa kike. Atakulia mikononi mwa nani?"

"Mikononi mwangu."

Akacheka, si kwa ubaya. "Mikono yako inajua spana. Mtoto hali, Ambakisye. Humwoni? Hali! Unataka tuje kuzika tena?"

Nilimwomba aningojee mpaka Jumamosi, siku ambayo basi lake lilikuwa linaondoka. Akasema kungoja atangoja, lakini nguo zako ataanza kuzikunja. Na kweli alianza. Kila nikirudi kutoka kazini naona kikapu kimejaa zaidi na msumari ukutani umebaki mtupu.

Atupele, sijui kama nitaeleza vizuri. Nilikuwa nimempoteza mke na mtoto ambaye hata jina hakupata. Nikaona kwamba ukienda nawe nitabaki kwenye chumba hiki na kitanda na jiko, na sitakuwa baba wa mtu yeyote. Najua Tukuyu si mbali kama mbinguni. Lakini mtoto aliyelelewa na mwingine anakuja kukusalimia, "Shikamoo baba," unaitikia marahaba, na baada ya hapo hamna la kuzungumza.

Nikakumbuka kwamba ulipokuwa na homa, mama yako alikupikia supu ya viazi. Ile nzito, nyeupe, inayokaa kwenye kijiko bila kukimbia. Ulikuwa unaikubali hata ulipokataa kila kitu. Nami nilikuwa naila, naifurahia sana, kila msimu wa mvua, bakuli mbili. Basi nikasema nitaipika. Nikakaa nikajiuliza anaanza na nini. Nikagundua sijui. Miaka yote ile mama yako alipika mbele ya macho yangu, na mimi nilikaa nimeligeuzia jiko mgongo, nasikiliza redio. Ningeweza kukwambia taarifa ya habari ilisema nini. Mikono yake ilifanya nini sikuweza kukwambia.

Hilo limenikaa moyoni kuliko mengi. Watu tunaowapenda tunakula kazi yao bila kuitazama.

Nilinunua maziwa kwa yule muuzaji wa baiskeli, nikanunua viazi vilivyokuwa karibu, nikawasha mkaa. Nilikata viazi vipande vikubwa kama vile vya kuchemshwa vinavyouzwa sokoni, nikajaza maji, nikaacha moto unaunguruma, kisha nikamimina maziwa yote kwa mara moja. Uani walikuwepo wake wa wapangaji wote wanafua na kuchambua mchicha. Mmoja akauliza, "Fundi wa reli leo anatengeneza nini?" Wakacheka. Sikuwalaumu. Maziwa yalikatika palepale, yakawa mabonge na maji ya manjano, na chini kulikuwa kunaungua. Nilikuletea hivyohivyo. Ulitazama bakuli, ukanitazama mimi, ukageukia ukuta. Shangazi yako alikuwa amekaa kitandani anakunja sketi yako ndogo ya bluu.

Nilimwaga ile supu chooni nikijificha. Kisha nikaenda kugonga mlango wa Bi Mwanaidi. Ni mlango wa mbele tu hapo, unaujua, lakini siku ile niliuona mbali. Nilikuwa nimemrudishia sahani zake zote, na sasa naenda mikono mitupu.

"Hodi."

"Karibu, Baba Atupele."

Nikamweleza. Maziwa yamekatika, mtoto hali, Jumamosi anachukuliwa. Alinisikiliza huku anakuna nazi, hakusimama.

"Mimi mtu wa pwani," akasema. "Hayo mambo ya kutia viazi kwenye maziwa ni yenu watu wa milimani, siyajui. Lakini tui nalijua, nalo hukatika. Unataka kujua siri yake? Usiliache peke yake. Moto upunguze, mimina kidogo kidogo, na mkono usitoke kwenye mwiko. Ukienda kuongea na mtu, limekatika. Ukienda kuwaza mambo yako, limekatika."

Kisha akaacha kukuna nazi. "Na kitunguu, kikaange kwanza na samli, polepole, kilainike bila kubadilika rangi. Hilo ni la chakula chochote." Akaniwekea samli kwenye kikombe. Nikataka kusema tunayo. Nikafunga mdomo, nikapokea.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda Kariakoo. Soko jipya lilikuwa bado linajengwa wakati ule, na wauza viazi walikuwa wametandaza magunia yao kando ya mitaa, katikati ya vumbi la saruji. Nilipita gunia hadi gunia mpaka nikakuta viazi ambavyo bado vilikuwa na udongo mweusi, ule wa kwetu. Nilikishika kimoja nikakinusa. Muuzaji akaniuliza, "Ndugu, unanunua au unasalimia?" Nilisimama pale katikati ya watu wote wale, wapagazi wanapiga kelele tupishe, tupishe, nami nina kiazi mkononi na machozi yananitoka. Yule mtu akanitazama, akanichagulia mwenyewe vilivyo vizuri.

Safari hii nilipanga jiko mlangoni pa chumba chetu, si kule uani. Nilikaanga kitunguu kama nilivyoelekezwa. Nikakata viazi vidogo vidogo, nikavigeuza kwenye samli mpaka vikang'aa, nikatia maji ya kuvifunika tu, na chumvi. Nilikuwa nimeinama hivyo, natazama mvuke, nilipohisi mtu nyuma yangu. Ulikuwa umetoka kitandani. Umesimama na gauni la kulalia, nywele upande mmoja zimesukwa, upande mwingine zimesimama.

Ukasema, "Mama anaponda."

Ndilo neno la kwanza kulisikia kwako tangu mazishi. Niliogopa hata kugeuka nisije nikalikatiza.

"Anapondaje?" nikauliza, macho bado kwenye sufuria.

Ukaja ukachuchumaa karibu yangu. Ukanyoosha mkono ukataka mwiko. Nikakupa. Ukaanza kubonyeza viazi kwenye ukingo wa sufuria, kimoja, kingine, kwa nguvu, ulimi umeutoa nje. Nikasema nisaidie sasa, niponde vyote. Ukanizuia mkono.

"Siyo vyote! Vingine anaponda, vingine anaviacha. Ili utafune."

"Haya. Na maziwa?"

"Bado. Mpaka iwe nzito kwanza. Halafu anatoa mkaa." Ukanionyesha kwa kidole makaa ya kutoa, la huku na la huku. Nikayatoa. Nikaanza kumimina maziwa kidogo kidogo, wewe unakoroga, mimi nimeushika mwiko juu ya mkono wako. Hayakukatika. Ile supu iligeuka rangi mbele yetu, ikawa nyeupe, ikaanza kupumua taratibu, pu, pu, kama mtu aliyelala. Ukasema bado pilipili manga. Ukasema bado majani ya kitunguu, lakini hatukuwa nayo, ukasema basi si kitu.

Mtoto ulikuwa umekaa pembeni ya jiko la mama yako siku zote ukitazama. Nilichokipuuza mimi, wewe ulikiweka.

Ulikula kwenye kifuniko cha sufuria, hukungoja bakuli. Ulikula ukaongeza. Kisha ukalia, kilio kikubwa, mara ya kwanza, kijiko bado mkononi, supu inakutoka mdomoni. Nilikubeba. Wake wa wapangaji walikuja mlangoni, Bi Mwanaidi akawarudisha kwa mkono, akatufungia mlango.

Shangazi yako aliona yote akiwa kitandani. Ulipolala alichukua kijiko akaonja yaliyobaki. Akaonja tena.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Ndiyo, dada."

Kisha akakivuta kile kikapu, akaanza kuzitundika nguo zako msumarini, moja moja. "Sijasema umeweza," akaniambia, mgongo amenipa. "Nimesema chumvi imezidi. Nitarudi Krismasi, nikimkuta amekonda simwulizi mtu." Jumamosi alipanda basi peke yake. Krismasi alirudi kweli, akakubana mashavu, akakaa wiki nzima akanifundisha kusuka, na mabutu yangu yale uliyokwenda nayo shule unayakumbuka mwenyewe.

Ningeweza kuishia hapo. Ni habari nzuri ikiishia hapo. Lakini naandika hasa kwa ajili ya yaliyofuata, ambayo hayana hadithi, ni miaka tu.

Niliogopa, mwanangu. Baada ya kukaribia kukupoteza niliifanya supu ile kuwa yetu wawili, na chumba hiki kuwa chetu wawili. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulipika, tukafunga mlango, tukala. Ilipokuja miaka hii ya foleni, maziwa yakawa hayaonekani, hata ya unga, nikatia tui la nazi badala yake. Wewe ukaonja, ukafikiri, ukasema, "Hii siyo ya mama. Hii ni yetu." Nilifurahi sana siku ile. Sikuona kwamba ukuta ndio kwanza unapanda.

Bi Mwanaidi aliona. Aliniambia siku moja, anafagia ukumbi, "Baba Atupele, msiba ukikaa ndani sana unageuka mpangaji, na huyo hatoki kwa notisi." Nikacheka kwa adabu, nikafunga mlango.

Halafu ukamleta Zena. Mjukuu yule wa Bi Mwanaidi, rafiki yako. Mlikuwa darasa la tano au la sita. Ulimshika mkono ukaingia naye Jumapili, ukasema, "Baba, nimemkaribisha Zena aje aonje supu yetu." Mimi sikusema kitu kibaya. Nilikunja uso tu. Nilitazama sufuria kama mtu anayehesabu. Mtoto mwenye akili anaelewa. Zena akasema ameitwa na bibi yake, akaondoka, na hakuwa ameitwa. Wewe ulimaliza bakuli lako bila kuinua macho. Hukuwahi tena kumleta mtu yeyote humu ndani. Nilijiambia kwamba umekua, una haya. Lakini jana nimekusikia unamwambia Zena mwenyewe pale ukumbini, "Huko chuoni sitazoeana na watu upesi, mimi nimezoea kukaa peke yangu." Ulisema kwa kujivuna kidogo. Nikaitambua ile sauti. Ni sauti yangu, ile ya "asante mama, tumeshiba."

Usiichukue hiyo, Atupele. Vyote vingine vya humu ndani chukua, hata redio nitakupa, lakini hiyo iache hapa.

Huko Mwanza utakaa bweni na wasichana kutoka kila mkoa. Kuna siku utaumwa upweke. Hautakuja kwa kishindo. Utakuja jioni, wenzako wanacheka upande wa pili wa chumba, nawe unajikuta unapanga nguo ambazo zimekwisha kupangwa. Siku hiyo utapenda kufunga mlango. Mimi sina dawa yake, ningekuwa nayo ningeitumia. Ninachojua ni kwamba mtu akikuletea sahani, pokea. Hata kama huna njaa, onja mbele yake. Na ukiwa na njaa, sema. Nilipoteza miaka mingi kwa kutosema neno hilo moja, na siku nilipolisema, nilipewa samli na mtoto wangu akabaki.

Na wagonjwa utakaowauguza, wapo watakaogeukia ukuta. Usiwalazimishe kijiko. Waulize kwao hupikwaje.

Sikuoa tena, watu wamesema mengi, wengine wakasema ni kwa sababu yako. Si kweli, usiondoke na mzigo huo. Nilimpenda mama yako, halafu nikazoea. Kuzoea nako ni kitu chenye nguvu.

Sasa nasikia Bi Mwanaidi anatia maji kwenye birika kule uani. Jua limefika ukingoni mwa mabati. Nakwambia jambo la mwisho, ambalo limetokea leo hii, nilipoiweka kalamu chini kidogo katikati ya barua hii. Nilianza kufikiria Jumapili ijayo. Nikajaribu kukadiria viazi, nikashindwa. Tangu siku ile uliposhika mwiko sijawahi kupika supu ya mtu mmoja, sijui ni viazi vingapi, maji kiasi gani. Nilikaa na jambo hilo dogo mpaka likawa kubwa. Mwishowe nikatoka, nikamkuta Bi Mwanaidi barazani na Zena na wake wa wapangaji, nikawaambia wazi, mbele ya wote, kwamba nina tatizo la kipimo.

Bi Mwanaidi akanitazama. Amezeeka sana, umemwona.

"Pika sufuria nzima kama kawaida yako," akasema. "Tutakuja na bakuli zetu."

Nikasema karibuni. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi niseme mara ya pili.

Nenda salama, mama yangu. Mungu akutangulie.

Mimi baba yako,
Ambakisye